Mtoto Umleavyo: Wazazi Waliotafuta Kuijua Tabia ya Mtoto, Zamani na Sasa



Kila biharusi huambiwa methali hii hata hina haijamkauka: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali ya kweli. Lakini mtoto anapofika miaka mitatu hasemi, au anajipiga kichwa ukutani, au kila wiki anarudishwa kutoka chuoni kwa utundu usiokwisha, methali hiyo hiyo hugeuzwa fimbo ya kumpigia mama. Mawifi wanauliza kwao kuna nini. Majirani wanasema ni kijicho. Mume ananyamaza. Na mama, badala ya kutafuta msaada, anamficha mtoto ndani.

Wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa saikolojia ni mambo ya kizungu, au ni dalili ya imani pungufu. Tukiitazama historia, tunaona sivyo.

Wanavyuoni walitangulia

Mtume wetu (S.A.W.) aliwaambia masahaba wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Waislamu wa karne za mwanzo waliyachukua maneno hayo kuwa amri ya kutafuta elimu, na hawakuishia kwenye homa na majeraha.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na ya nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, akataja hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, na akafundisha namna ya kuvitibu. Katika karne hiyo hiyo ya 10, tabibu Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, Tunisia, aliandika kitabu kizima juu ya malezi na matibabu ya watoto.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliwazungumzia watoto katika kitabu chake maarufu cha tiba, Al-Qanun. Alitaka mtoto alindwe na hasira kali, khofu, huzuni na kukosa usingizi. Alimtaka mlezi atazame kila wakati mtoto anapenda nini asogezewe, na anachukia nini aondoshewe. Mtoto akifika miaka 6 apelekwe kwa mwalimu, lakini pole pole, asifungwe na kitabu kwa mara moja.

Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye Ihya yake inasomeshwa katika darsa zetu mpaka leo, alisema mtoto ni amana kwa wazazi wake. Akasema aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa kusoma kunaua moyo wake. Akikosea mara ya kwanza, mzazi ajifanye hakuona. Akirudia, aonywe faraghani. Na lawama zisizidi, kwa sababu mtoto huzizoea na zikaacha kumgusa.

Elimu hiyo ilikwenda pamoja na majengo. Damascus ilijengwa hospitali ya Nur al-Din mwaka 1154, Cairo ile ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na Aleppo ile ya Arghun mwaka 1354. Humo wagonjwa wa akili walipata pahala pao, wakitibiwa kwa mali ya wakfu. Basi kuitafutia tiba nafsi iliyotaabika ni mila yetu pia.

Safari ya Baba na Mama Triplett

Tuje karibu na zama zetu. Tumechagua kisa cha familia ya Marekani, kwa sababu kimeandikwa kwa urefu na wazazi wenyewe walishiriki kukiandika.

Donald Triplett alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baba yake, Beamon, alikuwa wakili. Mama yake, Mary, alitoka katika familia yenye benki. Kabla hajafika miaka miwili mtoto huyu alikuwa amehifadhi zaburi nzima na masuali 25 ya mafundisho ya kanisa lao, pamoja na majibu yake. Lakini hakuwa akimkimbilia mama yake wala kushughulika baba anaporudi nyumbani. Alipenda kuzungusha vitu sakafuni, na kitu kikibadilishwa pahala pake alipiga mayowe.

Madaktari waliwashauri wazazi wamweke mtoto mbali nao. Mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka minne, akapelekwa katika taasisi ya watoto. Huko akanywea, akawa anakaa tu bila ya kushughulika na chochote. Baada ya mwaka mmoja wazazi wake walikwenda kumchukua, ijapokuwa mkuu wa taasisi aliwashauri wamwache.

Hawakuishia hapo. Beamon alikaa akaandika barua ya kurasa 33 akieleza kila walichokiona kwa mtoto wao: anavyolala, anavyokula, maneno anayorudia, kinachomkasirisha na kinachomtuliza. Barua ilipelekwa kwa Daktari Leo Kanner, mtaalamu wa maradhi ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwezi wa Oktoba 1938 wakampeleka Donald mwenyewe, akaangaliwa kwa wiki mbili. Waliporudi kwao, Mary aliendelea kumwandikia daktari habari za mwanawe kwa miaka.

Mwaka 1943 Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wa kwanza wao akiwa Donald. Hali yao ndiyo tunayoiita leo usonji. Kabla yake, mwaka 1925, daktari mwanamke wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikwisha kuwaeleza watoto wa aina hiyo, ila kazi yake haikuenea. Katika makala ya Kanner, maneno ya barua za wazazi yamejaa. Aliyemjua mtoto kwanza ni mzazi, na daktari akaijenga elimu yake juu ya hayo.

Jina la hali peke yake halikutosha. Mwaka 1942 Donald alipelekwa kuishi kwa mkulima na mkewe karibu na kwao. Alikuwa haachi kuhesabu mistari ya mahindi, basi wakamwachia aihesabu huku akiilima. Alikuwa anapenda kupima vitu, wakamchimbisha kisima apime kina chake. Akasoma mpaka chuo kikuu, akamaliza mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya familia, akajua kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Lawama ikamwangukia mama

Hata huko kwenye hospitali kubwa, mama hakusalimika. Katika miaka ya 1940 na 1950 walizuka wataalamu waliosema usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Kanner mwenyewe aliandika maneno ya kuelekea huko. Bruno Bettelheim akayatangaza zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Kina mama walirudi majumbani na majonzi mawili: la mtoto na la kuambiwa wao ndio sababu.

Walioivunja dhana hiyo ni wazazi. Uingereza, mwaka 1962, wazazi walianzisha jumuiya yao, mmoja wao akiwa Lorna Wing, daktari aliyekuwa na binti mwenye usonji. Marekani, mwaka 1964, Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichoonesha kwamba hali hii ina asili ya kimaumbile, haitokani na mapenzi ya mama. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kuwa hawana hatia.

Na sisi visiwani?

Kwetu Zanzibar, yakitajwa maradhi ya akili, wengi huwaza Kidongo Chekundu tu, tena kwa kunong'ona. Ndiyo maana mama huogopa: anadhani akitaja tabia ya mwanawe kwa daktari, mtoto atapigwa muhuri wa wazimu, na dada zake watakosa wachumba. Wakati huo huo mtoto anazungushwa kutoka kombe hadi hirizi, miaka inapita.

Hatusemi kisomo kiachwe. Msomee mwanao, muombee, kisha mpeleke. Tathmini huanza kwa masuali: mimba na uzazi vilikwendaje, alianza kusema lini, anasikia vizuri, analalaje, nyumbani pamebadilika nini. Pengine mtoto hasikii. Pengine ana usonji. Pengine wazazi wameachana na yeye amebeba huzuni asiyoweza kuitaja. Pengine kuna mtu anayemdhuru. Bakora haiwezi kutofautisha haya, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Fanya walivyofanya wazazi wa Donald. Chukua daftari, andika unachokiona na siku uliyokiona, waulize mwalimu wa skuli na wa chuoni, nenda nalo kituo cha afya na uombe kuelekezwa kwa anayehusika na watoto. Na mume aende pia. Barua ile ya kurasa 33 aliiandika baba.

Kwenu mnaoolewa mwezi huu: mtakapofundwa juu ya kupika na kujifukiza, zungumzeni na waume zenu na hili. Mtoto wetu akija na tabia tusiyoielewa, tutatafuta pamoja au mmoja atalaumiwa? Mtoto umleavyo, ndiyo. Lakini huwezi kumlea usiyemjua.

Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu, awape kina mama subira na watu wa kuwashika mkono, na azizuie ndimi zetu zisimlaumu aliyekwisha kuelemewa. Amin.