Chuma cha Upare Kisiliwe Tena na Kutu
Historia ya Upare, kuanzia Ugweno hadi Mamba, haielezeki bila chuma. Washana, ukoo wa wahunzi, waliyeyusha mchanga wenye chuma uliokusanywa mitoni, wakafua majembe yaliyouzwa hadi Uchaga. Mwanahistoria Isaria Kimambo alichapisha historia ya Wapare mwaka 1969. Masalia ya uhunzi huo yakishasafishwa, ndipo hatari inapoanza: chuma kilichovuliwa kutu hukutana upya na unyevu wa milimani. Wapo wasemao mafuta yanatosha, kwani ndiyo yanayolinda jembe la nyumbani. Lakini jembe la shambani hung'arishwa na udongo kwa kutumika. La kale hukaa tu, na mafuta hunasa vumbi. Afadhali likaushwe kabisa, lipakwe tanini, kisha nta, na likaguliwe kila masika. Tukizembea, tunapoteza ushahidi wa ufundi wetu wenyewe.