Sheria na Msimamizi Wake

Ukifika Kutus siku ya soko, ewe msomaji, utawaona wauza nyanya na wauza mchele wa Mwea wakilipwa kwa simu, na pengine wasishike noti hata moja tangu asubuhi. Jambo hilo halikuwako hapo awali. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi, 2007. Na mwezi wa Novemba, 2012, ikaja M-Shwari, ambayo kwayo mtu aliweza kukopa fedha za benki bila kumwona karani. Haukupita muda mrefu yakazuka makampuni mengi ya kukopesha kwa simu, na mengine hayakuwa na ofisi wala kibao mlangoni.

Zamani mkopaji na mkopeshaji walijuana. Mtu alikopa katika chama, akadhaminiwa na jirani, na akichelewa kulipa aliitwa kikaoni akajieleza. Mkopeshaji wa simu hamjui mtu, basi alitafuta dhamana ya namna nyingine. Mkopaji alipoiweka programu katika simu yake, aliulizwa kama anakubali isome majina na namba zote zilizomo. Naye, kwa kuwa haja ilimkaza, alikubali. Siku ya kulipa ilipopita, waliopigiwa simu ni mama mkwe, mwalimu mkuu wa watoto wake, na wateja wanaonunua nyanya zake. Hebu fikiri aibu ya mtu anayeulizwa na mkwewe habari za deni la shilingi elfu mbili! Mimi naona aibu hiyo ilimchoma kuliko riba, ijapokuwa riba nayo haikuwa ndogo.

Je, hapakuwa na sheria? Ilikuwako. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi mwezi wa Novemba, 2019, nayo yataka habari za mtu zitumiwe kwa haki, na kwa kazi ile aliyoelezwa tu. Lakini Kamishna wa kwanza wa kuisimamia, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa mwezi wa Novemba, 2020. Mwaka mzima sheria ilikaa kama shamba lililozungushiwa ua likakosa mlinzi. Benki Kuu nayo haikuwa na mamlaka juu ya wakopeshaji hao, kwani hawakupokea amana za watu, mpaka Bunge lilipobadili sheria yake mwezi wa Desemba, 2021. Kanuni zilitoka mwezi wa Machi, 2022: kila mkopeshaji aombe leseni katika miezi sita, asitishe, asitukane, wala asiwasumbue watu ambao namba zao zimo katika simu ya mdaiwa. Ilipofika Septemba ya mwaka huo, maombi 288 yalikuwa yamepokelewa, na waliopewa leseni walikuwa 10.

Wala usidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 Sheria ya Huduma za Kidijitali, yenye faini iwezayo kufika sehemu 6 katika kila 100 za mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote. Makampuni makubwa kabisa, yenye watumiaji zaidi ya milioni 45 kwa mwezi katika Umoja huo, husimamiwa hasa na Tume ya Ulaya. Mengine yaliachiwa nchi zenyewe. Kila nchi katika zile 27 ilipaswa kuweka msimamizi wake na kumpa nguvu kabla ya tarehe 17 Februari, 2024. Hata hivyo, mwezi wa Mei, 2025, Tume iliamua kuzishtaki nchi tano, yaani Ucheki, Hispania, Cyprus, Polandi na Ureno, kwa kuwa hazikuweka msimamizi, au zilimweka zisimpe mamlaka ya kutosha. Nazo si nchi zilizopungukiwa na wanasheria!

Kwetu Kenya, mwezi wa Septemba, 2023, Kamishna aliitoza kampuni ya kukopesha ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, na kuwapelekea watu hao vitisho. Shauri hilo halikuanzia katika ofisi ya Kamishna. Lilianza kwa malalamiko ya watu wenyewe waliosumbuliwa. Na sheria yamtaka Kamishna kuyachunguza malalamiko kama hayo na kuyamaliza katika siku 90.