Unga, sindano na kikombe

Zamani unga ulikuwa neno la jikoni. Miaka ya 1980 ulipata maana ya pili katika pwani yetu, heroini ilipoingia Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam. Ya mwanzo ilikuwa ya kahawia, haiyeyuki vizuri kwa maji matupu, kwa hiyo vijana waliivuta. Wengine waliichanganya na bangi katika msokoto mmoja wakauita kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ikaja nyeupe. Hii iliyeyuka upesi, na sindano ikafuata.

Kenya ilikuwa imetunga sheria kali dhidi ya dawa za kulevya mwaka 1994, Tanzania mwaka 1995. Vifungo virefu vilimlenga mfanyabiashara mkubwa, lakini aliye rahisi kukamatwa ni teja wa maskani mwenye kete moja ya unga mfukoni.

Mwaka 2005 iliripotiwa kutoka Dar es Salaam habari inayosisimua mwili hata leo. Asiye na pesa ya kete, hasa mwanamke anayeuza mwili, aliomba damu ya mwenzake aliyejidunga punde, akajichoma nayo apoze arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Virusi vya Ukimwi havikuhitaji njia iliyo fupi zaidi.

Hapo ndipo mjadala ulipogeuka kutoka kifungo kuelekea tiba, na tukiri kwamba si huruma iliyougeuza. Ni Ukimwi. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadone, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini: mgonjwa alifika kila siku, aliinywa mbele ya mhudumu, na arosto ilitulia kwa saa 24 hivi. Hospitali za Kidongo Chekundu huko Unguja na Malindi nchini Kenya zilifuata mwaka 2015. Sindano safi zilipata upinzani zaidi. Kenya ilipotangaza mwaka 2012 kwamba itazigawa, baadhi ya viongozi wa dini pwani walisema huko ni kumpa mlevi chupa. Hofu yao naielewa. Mzazi yeyote angehofu vivyo hivyo.

Lakini kwa kuwa mlango ulifunguliwa na Ukimwi, kipimo cha kuupita kilikuwa sindano. Muhimbili ilianza na wanaojidunga. Mvulana wa miaka 16 aliye bado kwenye kokteli hakuhesabiwa: kliniki ilimwona hajafika, polisi walimwona amepita kiasi. Aliyekuwa tayari kumpokea wakati wowote ni pusha.