Maziwa Yaliyoganda na Tango: Bakuli Moja la Watu Wengi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kaeni kitako, na kila mwenye kalamu na aiweke tayari. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya manne: mtindi, tango, saumu, kijidudu. Tutakutana nayo mara nyingi katika somo la leo.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Hili ni somo la historia. Matango yameingiaje humu?" Swali hilo ni zuri. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Chakula tulacho kina historia yake pia, na mara nyingi historia hiyo hutuonyesha jinsi watu wa mbali walivyokutana.

Leo twachukua bakuli moja tu. Ndani yake mna maziwa yaliyoganda, tango, saumu na chumvi. Wagiriki hukiita kitoweo hiki tzatziki, nao hutamka dza-dzi-ki. Ukikikuta hotelini mjini, waweza kudhani ni chakula cha wageni tu. Lakini sivyo. Tutaona kwamba pwani yetu ilikijua chakula cha jamaa hiyo tangu zamani sana. Tena tutaona jambo moja ambalo wazee wa kale hawakulijua, wala Wagiriki wa kale hawakulijua, nalo ni jambo la uzima na mauti.

1. Maziwa hayangoji

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa habari za joto. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, yakiachwa mezani bila friji, huanza kuchachuka kabla ya jua kutua. Watu wa kale hawakuwa na friji wala barafu. Basi walifanyaje? Waliona kwamba maziwa yakiganda vizuri huwa makali, na ukali huo huyafanya yakae siku nyingi kuliko maziwa mabichi. Kwa hiyo hawakupigana na mgando. Waliufanya rafiki.

Kila kabila la wafugaji likapata njia yake. Wamaasai huweka maziwa katika kibuyu. Kabla ya kuyatia, husugua ndani ya kibuyu kwa kijiti kinachowaka cha mti waitao oloirien, ambao ni mzeituni wa porini. Moshi wake husafisha chombo na kuyapa maziwa harufu nzuri. Huko Kenya, Wakalenjin hufanya mursik, na ndani ya kibuyu hupaka mkaa wa mti maalumu. Nasi tuna neno letu mtindi, yaani maziwa yaliyoganda yakasukwa.

2. Mgeni wa mwaka 1331

Sasa tuje pwani. Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Miaka mingi baadaye habari zake ziliandikwa kitabuni, na kitabu hicho kingaliko.

Ibn Battuta alieleza chakula alichoandaliwa Mogadishu. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli, pamoja na nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Tena paliletwa maziwa yaliyoganda katika chombo chake, pamoja na malimau ya achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mlaji akila tonge la wali, hufuatisha kidogo cha vile vitu vya chumvi na siki.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Imekwisha kupita miaka karibu 700. Tango halitajwi hapo, lakini namna ya kula ni ile ile: chakula cha moto, na kando yake maziwa yaliyoganda na kitu kikali cha kuchangamsha ulimi. Basi asije mtu akatuambia kwamba bakuli hili lilishuka juzi kutoka katika ndege.

3. Safari za tango

Na tango je? Tango asili yake ni Bara Hindi, katika nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya. Huko limelimwa kwa miaka ipatayo 3000. Kutoka huko lilikwenda Uajemi, na kutoka Uajemi likafika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako Wagiriki na Warumi walilipanda.

Tango ni tunda la nchi za joto, tena karibu lote ni maji. Watu wa nchi nyingi za joto zilizolipokea waliona kwamba linafaa kuchanganywa na maziwa yaliyoganda. Wahindi wakafanya raita. Waajemi nao wana chao. Waturuki hufanya kitoweo waitacho kwa lugha yao jajiki.

Wagiriki wa kale walikuwa na maziwa yao yaliyoganda, nayo waliyaita oksigala, maana yake maziwa makali. Lakini jina tzatziki si Kigiriki cha kale. Limetoka katika neno hilo la Kituruki, jajiki. Lilifikaje? Mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Konstantinopoli, na kwa miaka mingi sana sehemu kubwa ya nchi ya Wagiriki ilikuwa chini ya sultani wao. Wagiriki waliinuka kupigania uhuru mwaka 1821. Walipata uhuru, sultani akaondoka, lakini bakuli lilibaki mezani. Hata neno yogati, tunaloliona katika vikopo madukani, asili yake ni Kituruki.

Nasi tuna jambo kama hilo. Neno kachumbari tumelipata kutoka kwa Wahindi, waliofanya biashara na pwani yetu karne nyingi. Leo nani atasema kwamba kachumbari si chakula cha Mswahili? Jina husafiri pamoja na chakula, kisha mwenyeji hulifanya lake.

4. Wagiriki katika Tanganyika

Wagiriki wenyewe walifika nchini mwetu wakati wa utawala wa Wajerumani. Wengi walikuja kuchukua kazi za ujenzi wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli zilipokwisha, wengine walibaki wakafungua mashamba: mkonge huko Tanga na Morogoro, kahawa huko Kilimanjaro na Arusha, na tumbaku huko Iringa.

Wakazi wa Dar es Salaam mnajua ukumbi wa Mnazi Mmoja uitwao Anatoglo. Jina hilo ni la George Arnautoglu, tajiri Mgiriki wa mkonge, aliyetoa fedha za kuujenga. Katika ukumbi huo, tarehe 17 Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na mwaka uliofuata TAA ikawa TANU. Kwa hiyo jina la Kigiriki limekaa katikati ya historia ya uhuru wetu, na watu hulitaja kila siku wakiwa ndani ya daladala bila kufikiri limetoka wapi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na Wagiriki wengi waliondoka. Wachache walibaki.

5. Homa iliyojificha katika maziwa

Sasa tumefika katika jambo la uzima na mauti. Tafadhali sikilizeni sana.

Katika Bahari ya Mediterania kuna kisiwa kiitwacho Malta. Zamani askari wa Kiingereza waliokaa huko walishikwa na homa ya ajabu. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi tena, kwa majuma na miezi. Viungo viliuma, jasho likatoka usiku, na wengine walikufa. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikiona kijidudu cha homa hiyo. Huyu ndiye Bruce aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Lakini watu hawakujua kijidudu hicho huwaingiaje wanadamu. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi, akagundua kwamba mbuzi walionekana wazima kabisa walikuwa na kijidudu kile. Kilikuwa kikipita katika maziwa. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na mara homa ikapungua sana katika kambi zao.

Ugonjwa huo leo huitwa brusela, nao uko hata hapa Afrika Mashariki, kwa ng'ombe na kwa mbuzi. Mtu aweza kutibiwa malaria mara nyingi asipone, kumbe homa yake si malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho chaweza kupita katika maziwa mabichi.

Basi mtu atasema: "Lakini mtindi ni mkali. Ukali si unaua vijidudu?" La. Ukali huzuia maziwa yasioze upesi, lakini hautoshi kuondoa hatari hizo. Kinachoziondoa ni moto. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyetuonyesha, katika miaka ya 1860, kwamba joto huua vijidudu. Hekima ya wazee ya kugandisha ni njema, tusiiache. Twaongeza kitu kimoja tu: chemsha kwanza, gandisha baadaye.

Serikali zetu nazo zilipigania jambo la afya na chakula. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini Tanzania kusikiliza masomo ya redio ya "Mtu ni Afya". Mwaka 1975 yalifuata masomo ya "Chakula ni Uhai". Na katika miaka ya 1970 kiwanda cha shirika la maziwa kilifanya kazi Ubungo, jirani kabisa na Mabibo. Shirika hilo halipo tena, lakini jina limebaki: kituo kile bado chaitwa Ubungo Maziwa.

6. Tufanye nyumbani

Sasa twende jikoni. Tuseme wewe wakaa Mabibo, mtaa uliopewa jina la mabibo, yale matunda ya mkorosho. Soko liko karibu, lile liitwalo Mahakama ya Ndizi. Nunua tango 1 gumu, la kijani, lisilo na mabaka laini. Nunua saumu, ndimu na nanaa kidogo. Pata maziwa lita 1.

Kwanza, chemsha maziwa mpaka yafure, kisha yaache katika moto mdogo dakika 5, huku ukikoroga. Yaepue, yafunike, yapoe. Ili kuyapima, dondosha tone juu ya kifundo cha mkono. Likiwa na uvuguvugu usiounguza, ni tayari.

Pili, tia vijiko 2 vya chakula vya mtindi mzuri wa jana, au wa dukani usiotiwa sukari. Hii ndiyo chachu. Koroga polepole. Funika sufuria, uivike kitambaa kizito au blanketi, uiache mahali pasipotikisika kwa saa 6 mpaka 8. Ukiyaweka usiku, asubuhi yameganda.

Tatu, mimina katika kitambaa safi kilichochemshwa, ukitundike juu ya bakuli kwa saa 2 au 3, maji yadondoke. Utabaki na mtindi mzito kiasi cha nusu lita. Yale maji usiyamwage; yafaa kukandia unga wa chapati.

Nne, osha tango kwa maji safi, limenye, likwaruze kwa kikwaruzo cha karoti. Kama huna, likatekate kwa kisu vipande vidogo sana. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, ngoja dakika 15, kisha likamue kwa nguvu kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Usiache hatua hii. Asiyekamua tango atapata bakuli la maji.

Tano, twanga punje 1 au 2 za saumu. Changanya mtindi, tango na saumu. Tia maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, na majani ya nanaa yaliyooshwa na kukatwakatwa. Wagiriki hutia mafuta ya zeituni vijiko 2. Mafuta hayo ni ghali. Ukikosa, tia mafuta ya alizeti kidogo, au usitie kabisa. Onja chumvi.

Kitoweo hiki chaliwa na samaki wa kukaanga, mishikaki, viazi, chapati, hata ugali. Kama huna friji, kileni chote siku ile ile. Kabla ya kutia tango, weka kando vijiko 2 vya mtindi. Hiyo ndiyo chachu ya kesho. Ndivyo bakuli hili lilivyodumu tangu kale: kila siku huacha kidogo kwa ajili ya siku inayofuata.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini watu wa nchi za joto waligandisha maziwa?
2. Ibn Battuta aliletewa nini pamoja na maziwa yaliyoganda?
3. Jina tzatziki limetoka katika lugha gani, na kwa nini?
4. Zammit aligundua nini mwaka 1905?
5. Nyumbani kwenu maziwa huchemshwa kabla ya kugandishwa? Jadilianeni, na kila mmoja aandike sentensi 3 za kumsomea mtu mmoja wa nyumbani kwake leo jioni.

Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.