Nani Amwone Bi Harusi?

Picha ya kawaida ya nikaha ya Pwani haina bi harusi. Utaona wanaume wawili wameketi wakikabiliana, wameshikana mikono ya kulia: walii, na bwana harusi ndani ya kanzu na joho. Shehe yuko ubavuni, mashahidi wamesongamana nyuma. Bibi hayupo kwa sababu hakuitwa pale. Yuko ndani na wanawake wenzake. Tangu kamera ifike Unguja na Mombasa, wapiga picha za harusi wamekuwa wakikabiliwa na suala hilo hilo: nani ana ruhusa ya kumwona?

Mwanzoni kamera yenyewe ilijiwekea mipaka. Studio za Wagoa wa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kama A.C. Gomes and Sons na Coutinho Brothers, zilitegemea vioo vizito na mwanga wa mchana, na mteja ilimlazimu atulie asitikisike. Ngoma ya usiku ingepigwaje picha kwa taa za mafuta? Unga wa magnesiamu, uliobuniwa Ujerumani mwaka 1887, ulileta mwanga wa ghafla, pamoja na moshi ambao hakuna mwenye harusi angeutaka juu ya hariri za wageni wake.

Basi maharusi wakaifuata kamera. Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, N.V. Parekh akafungua studio yake Mombasa mwaka 1942. Kwangu mimi Parekh ndiye fundi zaidi. Taa zake zimeonja sinema za Kihindi na za Hollywood: uso unang'aa upande mmoja tu, kivuli kinaachwa kifanye kazi yake. Na studio ilikuwa na faida ambayo ukumbi haukuwa nayo, yaani mlango. Ukishafungwa, bibi aliweza kufunua uso mbele ya mtu mmoja, na picha ikaishia kabatini kwake.

Msimu wa kazi studioni ulifuata mwezi mwandamo, si jua. Shaabani harusi huandamana kuiwahi Ramadhani. Idi huleta watoto wenye nguo mpya na viatu vinavyobana. Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani, harusi zinaanza upya.

Kilichovuruga faragha ya studio ni kamera ya video, iliyoenea katika miaka ya 1980 na 1990. Usiku wa kupamba, Mombasa, bibi hukalishwa jukwaani, hina mpaka viwikoni, dhahabu kifuani, akatazamwa na wanawake peke yao, waliovua mabuibui. Kanda ya usiku huo ikiazimwa nyumba hadi nyumba, shemeji na jirani wa kiume nao wataitazama. Ndipo wapiga picha wanawake walipopata soko, nao hawakupewa kazi kwa hisani: wao peke yao ndio walioweza kusimama mbele ya jukwaa pasipo ukumbi mzima kujitanda.

Simu ya mkononi imemfanya kila mgeni kuwa mpiga picha. Kumbi nyingine sasa huweka mwanamama mlangoni akusanye simu, au abandike karatasi juu ya kamera. Wageni wengine humkatalia, na ubishi huo hapo mlangoni huweza kuchelewesha kuingia kwa bibi.