Mpaka Usio na Mlinzi

Kwetu Manchira, wilayani Serengeti, mtoto hukua akijua kwamba mbele kidogo pana mstari usioonekana. Ng'ambo yake ndiyo Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1951, na anayeuvuka na upinde wake hukamatwa na askari. Sikudhani ningeukumbuka mstari huo nikiwa angani, juu ya Bahari ya Shamu.

Ilikuwa mwaka 1994, mimi na baba tukienda kuhiji. Makka nayo ina vituo vyake vya mpakani, viitwavyo mikati, ambavyo hujaji havivuki kabla hajahirimia. Mtume (S.A.W.) aliweka vinne: Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, kilicho mbali kuliko vyote, zaidi ya kilomita 400 kutoka Makka, Juhfa kwa watu wa Shamu, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd, na Yalamlam kwa watu wa Yemen. Cha tano, Dhat Irq, kwa mapokezi ya Bukhari, kiliwekwa na Khalifa Umar kwa ajili ya watu wa Iraki. Wazee wa pwani yetu waliokwenda kwa jahazi, wakisukumwa na kusi, waliingia Bahari ya Shamu kutokea kusini. Njia yao ilikuwa ya Yalamlam, na walipokuwa sambamba nayo walihirimia humo humo chomboni.

Ndege ilizusha swali jipya. Wako wanachuoni waliosema abiria na angoje hadi Jidda. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman, liliamua kwamba hata wa angani ahirimie anapopita juu ya mikati au sambamba nayo.

Basi ilipotangazwa kwamba mikati inakaribia, baba aliniuliza, "Mwanangu, ihramu yangu iko wapi?"

Moyo ulinipasuka. Zile shuka mbili nyeupe nilizitia mwenyewe katika sanduku, nalo lilikuwa tumboni mwa ndege. Mimi mwanamke nilikuwa na nguo zangu za kawaida, zinatosha. Yeye alikuwa na kanzu. Kuvuka bila kuhirimia ni kosa, na asiyerudi mikatini humlazimu kuchinja. Mzee huyu aliuza ng'ombe kwa miaka mingi ili afike hapo.

Hakunigombeza. Alitoa kikoi chake mkobani, nami nikampa khanga yangu ya akiba ajitande mabegani. "Hivi havikushonwa kwa kuvaliwa mwilini," alisema. "Vinatosha. Ihramu ni nia, mwanangu." Akanuia, akaleta talbia kwa sauti iliyotetemeka.

Aliyehirimia haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Nilitabasamu kidogo, nikamkumbuka askari wa Hifadhi. Kwetu mpaka hulindwa na bunduki. Kule juu ya mawingu hapakuwa na wa kumkamata baba, naye hakukubali kuuvuka ovyo.