Ghala la Wamonaki Great Coxwell

Mialoni iliyobeba paa la ghala la Great Coxwell ilikatwa katika majira ya baridi ya mwaka 1291 kuingia 1292. Habari hiyo imetoka kwenye mbao zenyewe. Wataalamu walipima pete za ukuaji ndani ya nguzo, pana kwa mwaka wa neema na nyembamba kwa mwaka mgumu, wakazilinganisha na pete za miti ambayo umri wake unajulikana. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi ghala lilidhaniwa kuwa la zamani zaidi.

Ghala liko kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Faringdon, na wenyewe walikuwa wamonaki wa abasia ya Beaulieu. Hao walikuwa wa shirika lililoanzia Cîteaux, Ufaransa, mwaka 1098, wakifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile ya wamonaki wa Peramiho na Ndanda. Mfalme John aliwapa kwanza ardhi ya Faringdon, kisha mwaka 1204 akawapa makao Beaulieu, karibu na pwani, umbali wa kilomita 90 hivi. Mashamba ya Faringdon hawakuyaachia. Kitabu cha hesabu za abasia cha mwaka 1269 hadi 1270, ambacho kipo mpaka leo, kinaonyesha walivyofuatilia mali yao shamba kwa shamba, karakana kwa karakana.

Watu wengi huliita ghala la zaka, na si kweli. Zaka ililetwa na waumini kwa ajili ya kanisa. Humu kiliwekwa kilichotoka kwenye mashamba ya abasia yenyewe.

Nafaka iliingia ikiwa bado kwenye masuke, imefungwa miganda, ikarundikwa pande zote kuelekea kenchi. Baina ya milango inayotazamana iliachwa sakafu wazi. Hapo ndipo ilipopurwa wakati wa baridi, kazi za shambani zikiwa zimepungua, na upepo uliokatiza toka mlango hadi mlango ukasaidia kupeperusha makapi.

Ukubwa wake unashangaza hata leo: urefu mita 46, upana zaidi ya mita 13, kimo karibu mita 15. Kuta ni za mawe na paa limeezekwa vigae vya mawe, mzigo mzito kwelikweli. Mzigo huo haukuachiwa kuta peke yake. Maseremala walisimamisha safu mbili za nguzo za mwaloni, na kila nguzo wakaiweka juu ya kiguzo cha mawe kirefu kuliko mtu, unyevu wa ardhi usiifikie. Majina ya mafundi hao hayajulikani. Wanastahili heshima sawa na waliojenga makanisa makuu, kwa maana hesabu yao imesimama zaidi ya miaka 700.

Mashamba ya namna hii yalilimwa kwanza na mabradha wa abasia. Katika karne ya 14 idadi yao ilipungua sana, tauni ya mwaka 1348 ikazidisha pengo, na abasia nyingi zikaanza kukodisha ardhi. Katika kanisa la kijiji kuna bamba la shaba la ukumbusho wa mmoja wa watu waliokodi ardhi hiyo, William Morys. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliifunga Beaulieu. Ghala likabadili wenyewe, lakini likaendelea kutumika kwa kilimo. Milango mikubwa kwenye kuta za mwisho ilitobolewa karne ya 18, ili magari ya kukokotwa yapite kwa urahisi.

Mshairi na msanii William Morris, aliyekuwa na nyumba Kelmscott, si mbali na hapo, alilipenda mno ghala hilo, akaliona sawa na kanisa kuu kwa utukufu. Ernest Cook, mjukuu wa Thomas Cook wa kampuni ya safari, aliliusia shirika la National Trust, ambalo limelitunza tangu mwaka 1956. Sasa sakafu ni tupu. Mgeni akiingia na kuinua macho, anaona kazi yote ya maseremala, toka kiguzo cha mawe mpaka boriti ya mwisho, bila mganda hata mmoja wa kuificha.